Usiku Ambao Bundi Alilia na Msiba Haukuja

Mwezi Aprili mwaka 2018, masika yakiwa yamekolea na njia zote za Longuo, hapa Moshi, zikiwa zimegeuka utelezi, nilianguka nikitoka dukani nikavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Nilifungwa hogo na kuambiwa nisikanyage chini kwa wiki sita. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi miaka minne kabla ya hapo, na tangu nistaafu sikuwahi kukaa mahali pamoja kutwa nzima, kwa kuwa palikuwa na kuku, migomba, vikoba, kwaya ya kanisani na wajukuu wawili ninaoishi nao. Sasa binti yangu aliniwekea kiti barazani, akasogeza kigoda cha kuegemeza mguu, akaniachia chupa ya chai, kisha akashuka mjini kazini.

Siku mbili za kwanza nilisoma. Siku ya tatu macho yalichoka, nikaanza kuutazama ua. Mjukuu wangu mdogo, ambaye shule ilikuwa imefungwa, alinionyesha kundi la ndege juu ya mpapai akaniuliza, "Bibi, wale wanaitwaje?" Sikujua. Tulihamia nyumba hii mwaka 1996, na kwa miaka 22 nilikuwa nimewafukuza ndege wale kila asubuhi bila kuwajua hata kwa jina. Niliona haya kama anavyoona haya mwalimu anayeulizwa swali na mtoto mbele ya darasa, nikamtuma aniletee kaunta buku moja iliyobaki kabatini tangu nilipokuwa kazini.

Nilipiga mistari kama nilivyokuwa nikipiga kwenye daftari la mahudhurio: tarehe, saa, hali ya hewa, ndege gani, yuko wapi, anafanya nini. Niliamua pia kwamba siku ambayo ndege fulani hakuonekana au hakusikika nitaandika "hakuna", badala ya kuacha nafasi wazi. Niliamua hivyo kwa mazoea tu ya kazi, maana katika daftari la mahudhurio asiyekuja huandikwa sawa na aliyekuja. Sikujua kwamba neno hilo moja lingenifundisha kuliko mengine yote niliyoyaandika.

Inafaa nieleze nilikotoka. Utotoni, kule Uru, nilitumwa kila mwaka kuamia ndege kwenye shamba letu la ulezi lililokuwa tambarare. Ulezi ndio uliotengenezewa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na ndege aliyeshuka kwenye suke alikuwa anakunywa mbege ya baba. Nilikua nikijua kwamba ndege ni mwizi, kwamba baadhi yao huleta mvua na baadhi yao huleta kifo, na kwamba mtu mzima hana sababu ya kuwatazama ila kama ana jiwe mkononi.

Wa kwanza kuingia daftarini walikuwa ndege wale wa kwenye mpapai, ambao baadaye nilikuja kujua kuwa ni kuzumburu. Ni ndege wa rangi ya kahawia iliyofifia, wenye kishungi kichwani na mkia mrefu kuliko mwili wenyewe, na wakiwa ndani ya michongoma hutambaa kwenye vijiti kama panya. Hawa ndio waliokuwa adui zangu wakubwa kwa sababu ya mapapai, na mjukuu wangu mkubwa alikuwa na ruhusa yangu kamili ya kuwapiga kwa manati. Nilipoanza kuwatazama niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote ya kuwafukuza. Kila asubuhi jua lilipochomoza, kuanzia kama saa moja na nusu, walipanda juu ya ua, wakaning'inia kwa miguu wakiwa wamelielekezea jua matumbo yao, wakatulia hivyo kwa muda mrefu kama wazee wanaoota jua nje ya nyumba. Asubuhi za mawingu hawakupanda. Walijibana mahali pamoja ndani ya michongoma, sita au saba, wengine wakiwa wameegemea vifua vya wenzao, hata ukiwaona kwa mbali ungedhani ni kiota kikubwa kilichokaa vibaya. Niliandika hivyo siku kumi na moja mfululizo bila kuelewa maana yake.

Aliyenieleza ni kijana mmoja aliyekuwa akisoma Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kile kilichoanzishwa mwaka 1963 hapo juu yetu, naye alikuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alipita kunisalimu, akaona daftari, akalisoma lote akiwa amesimama. Aliniambia kwamba kuzumburu hula majani na machipukizi pamoja na matunda, kwamba chakula cha namna hiyo hakimpi ndege nguvu nyingi na huhitaji joto ili kisagike tumboni, na kwamba usiku wa baridi mwili wa ndege huyu hupoa sana. Kwa hiyo jua la asubuhi kwake si starehe, na kujibana na wenzake ndiko kunakomvusha usiku. Jioni hiyo nilimwita mjukuu wangu mkubwa nikaomba manati yake. Alinikabidhi bila ubishi, ila aliniuliza, "Na mapapai je, Bibi?"

Swali lake lilikuwa la haki, nami nikaamua kulijibu kwa kuandika badala ya kukisia. Kuanzia siku hiyo nilifuatilia kila papai. Mpaka nilipofunguliwa hogo, mapapai tisa yalikuwa yametobolewa. Manne yalianzwa na kuzumburu, matatu yalianzwa na shore, na mawili niliyakuta yameshatobolewa alfajiri kabla ndege yeyote hajaamka, yaani ilikuwa kazi ya popo. Kilichonishangaza ni kwamba yote tisa yalikuwa yameiva hadi kuwa manjano kabisa, na yaliachwa mtini kwa sababu mimi niliyezoea kuyachuma nilikuwa kitini. Hakuna hata moja lililotobolewa likiwa bado la kijani lenye mchirizi mmoja wa manjano. Tangu hapo tunachuma mapema, mara tu mchirizi wa kwanza unapotokea, tunayavundika ndani ya kikapu, na lile la juu kabisa ambalo halifikiki kwa upondo tunawaachia wenyewe. Kwa miaka 22 nilikuwa nimeamini kwamba kuzumburu wanamaliza mapapai yangu, na ushahidi wangu wote ulikuwa ni zile asubuhi nilizowakuta juu ya papai. Asubuhi nilizokuta mapapai yakiwa mazima sikuzihesabu, kwa sababu papai zima halimkasirishi mtu.

Ng'ambo ya ua wetu, kwa jirani, kuna mgrevilea mkubwa ambao minana huujengea viota kila masika. Hawa ni wale wenye vichwa vyeusi na macho mekundu, wenye kelele za kutwa, nao walichana majani ya migomba yangu na mabingobingo ya ng'ombe wa jirani mpaka yakabaki kama nyuzi. Nilichora mti ule kwenye ukurasa mmoja, nikavipa viota namba, na kazi hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Dume huanza kwa kufunga pete ya majani kwenye kijiti, husimama ndani ya pete hiyo, na akiwa amesimama hapo husuka chumba mbele yake na kibaraza nyuma yake, kwa mdomo na miguu tu, akipitisha unyuzi upande mmoja na kuuvuta upande wa pili kama mama anayesuka mkeka. Kikikamilika huning'inia chini ya mlango kichwa kikiangalia chini, akapigapiga mabawa na kuita. Majike huja, huingia, huvutavuta kuta kwa ndani, na mara nyingi huondoka.

Nilikuwa nimeona mara nyingi viota vilivyoraruliwa chini ya mti ule, na siku zote nilidhani ni upepo au ugomvi. Daftari lilionyesha vinginevyo. Kiota namba 4, namba 9 na namba 13 viliraruliwa na wenyewe waliovijenga, na vyote vilikuwa vimekauka na kugeuka kahawia bila jike kuvikubali. Dume alivifumua unyuzi kwa unyuzi, akaviangusha, na kesho yake akaanza pete mpya ya kijani mahali palepale. Yule wa namba 9 alijenga mara nne kabla hajapata jike. Sitaki kumtwisha ndege mawazo ya binadamu, lakini nakiri kwamba asubuhi alipoingia jike na asitoke, akaanza kubeba ndani majani laini, nilimwita mjukuu wangu kwa sauti mpaka jirani akachungulia akidhani nimeanguka tena.

Kijana wa Mweka aliniongezea kwamba kila jike la mnana hutaga mayai ya rangi yake mwenyewe, mengine meupe, mengine ya samawati, mengine yenye madoa, na kwamba rangi hiyo humsaidia kulitambua na kulitupa yai lililotagwa humo kwa siri na kekeo, ndege asiyejenga kiota chake. Hilo sikuliona kwa macho yangu, maana viota vilikuwa juu mno.

Kuhusu dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, nitasema kwa ufupi. Sote tumefundishwa kwamba akilia mvua inakuja, na sauti yake inayoshuka kama maji yanayomiminika kutoka kwenye kibuyu humfanya mtu aamini. Kati ya Mei na Desemba niliandika sauti yake siku 52. Mvua ilinyesha siku hiyo au kesho yake mara 19, na nyingi kati ya hizo zilikuwa katika miezi ya mvua, ambayo ingenyesha hata angenyamaza. Mwewe naye alipunguziwa mashtaka: vifaranga saba walipotea mwaka huo, na mwewe nilimwona akichukua wawili, ilhali nguchiro wa kwenye mtaro alichukua watatu peupe, na wawili sikujua nani aliwachukua.

Mwezi Oktoba, nikiwa natembea kwa fimbo, nilianza kumwandika hondohondo mmoja. Asiyewajua asikie kwanza: ni ndege wakubwa weusi wenye tumbo jeupe na mdomo mzito, na dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Wakiruka juu ya nyumba mabawa yao huvuma kiasi cha kumfanya mgeni ainue kichwa. Huku kwetu hupita asubuhi na jioni wawili wawili au makundi kwa makundi kufuata mikuyu iliyozaa, nao hudondosha mbegu za matunda kila wanakopita, na ndiyo maana miche ya mikuyu huota mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Huyu wangu, hata hivyo, alikuwa peke yake. Alikuja kwenye mringaringa mzee ulioko bondeni, akatua kwenye shina, akakaa kidogo, akaondoka, akarudi tena. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alimtazama siku moja akasema, "Mwalimu, huyu kafiwa na mwenzake." Nilimwamini upesi kuliko inavyostahili, kwa sababu mimi mwenyewe nilifiwa na mume wangu mwaka 2009, na kwa wiki tatu nilimwandika ndege yule katika daftari kwa jina la mjane.

Lakini safu ya "anafanya nini" haikukubaliana na jina hilo. Kila alipokuja alitua mahali palepale, akainamisha kichwa kuelekea kwenye shina, akakitikisa mara kadhaa. Nilimwomba kijana darubini yake. Kupitia darubini niliona ufa mwembamba uliosimama wima katika tundu la shina lililozibwa kwa udongo, na ndani ya ufa ule ncha ya mdomo wa ndege mwingine ukipokea tunda. Dume alikuwa anayatoa matunda kooni moja baada ya jingine. Siku ile nilihesabu 23 kwa safari moja. Kijana alinieleza kwamba jike hujifungia humo wakati wa kutaga, kwamba dume humeza udongo na kumletea akiwa ameufanya vidonge, naye jike ndiye anayeziba mlango kutoka ndani, na kwamba hukaa gizani zaidi ya miezi mitatu, akitegemea kile ufa unachopitisha, mpaka kinda akomae. Nilikata neno mjane kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaacha lisomeke chini ya mstari huo. Mwishoni mwa Januari, asubuhi ya Jumapili, niliwaona watatu juu ya mringaringa, mmoja akiwa na manyoya yaliyochakaa na mmoja akiwa bado hajui kusimama vizuri kwenye tawi. Nilichelewa ibada siku hiyo.

Sasa nifike kwa bundi, ambaye ningependa kumkwepa lakini siwezi. Usiku mmoja kabla mume wangu hajafariki hospitalini, bundi alilia juu ya mwarobaini wetu. Ni yule mwenye uso mweupe kama moyo, ambaye sauti yake ni mkwaruzo mrefu unaomwamsha mtu aliyelala fofofo. Nilimsikia, na kesho yake saa tisa alasiri nikapigiwa simu. Kwa miaka tisa hakuna mtu angeweza kuniambia kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Mwaka uliofuata msiba, bundi mmoja alipoonekana mchana kwenye dari la banda la nyuma, niliwaita vijana wa mtaa wakampiga mawe mpaka akafa, nikawapa soda. Naandika jambo hili nikijua kwamba wapo watakaosema nilifanya sawasawa. Sikufanya sawasawa, na ni kosa ambalo bado linaniuma.

Nilipoanza daftari, bundi naye aliingia, kwa kuwa usingizi wa uzee ni mwepesi na daftari lilikuwa kando ya kitanda. Mwanzoni kila nilipomsikia nilikaa nikisubiri simu. Kisha asubuhi niliandika: bundi, saa nane usiku, mwarobaini, na chini yake, katika mstari wa siku hiyo, niliandika "msiba: hakuna". Kufikia Aprili 2019, ulipotimia mwaka mmoja, nilikuwa nimemsikia usiku 63. Katika mwaka huo mtaa wetu ulikuwa na misiba mitatu. Mmoja ulitokea siku mbili baada ya bundi kulia. Miwili ilitokea katika wiki ambazo sikumsikia kabisa. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kumbe usiku ule wa mwaka 2009 haukuwa wa kwanza yeye kulia juu ya mwarobaini wetu. Alikuwa akilia huko miaka yote, nami nilikuwa nikigeukia upande wa pili na kulala, kwa sababu asubuhi yake hakuna aliyekufa.

Nilianza pia kuokota vitonge alivyotapika chini ya mti. Nilivilowesha kwenye bakuli la zamani na kuvichambua kwa vijiti pamoja na wajukuu, nasi tukapata manyoya, taya na mafuvu madogo ya panya, matatu au manne katika kitonge kimoja. Hapo ndipo nilipoacha kuweka sumu ya panya kwenye chumba cha mahindi, maana panya aliyekula sumu huliwa na bundi, na bundi hufa pia.

Jirani yangu, Baba Happy, hakuyakubali hayo. Bundi aliyelia kwangu alikuwa akilala kwenye dari lake, na mara mbili alikuja kuniambia kwa heshima kwamba ataleta mtu wa kumtoa kwa moshi. "Shikamoo Mwalimu. Najua unampenda, lakini mimi nina watoto." Nilimwomba asubiri, akasubiri kwa kunistahi tu.

Mwaka 2021 baba yake alifariki, akazikwa Kibosho kihambani, kwenye shamba la ukoo. Wiki mbili baada ya maziko alikuja barazani kwangu jioni, akaketi, akakataa chai, kisha akauliza, "Mwalimu, lile daftari lako bado unaandika? Naomba uniangalizie usiku wa kuamkia siku ile Mzee alipotutoka." Nililileta. Nilifungua tarehe hiyo mbele yake ili asome mwenyewe, na palikuwa pameandikwa "bundi: hakuna". Aliuangalia mstari ule, akarudisha ukurasa mmoja nyuma, kisha mwingine. Usiku wa nne kabla ya hapo bundi alilia saa tano na nusu, na Baba Happy alikumbuka kwamba usiku huo alizungumza na baba yake kwa simu, na Mzee alikuwa anacheka. Akaendelea kusoma kurudi nyuma, akiuliza hapa na pale maana ya vifupisho vyangu, mpaka giza likaingia na mjukuu wangu akaja kuwasha taa ya barazani. Kisha akasema chai ile sasa angeinywa.